Mkanda wa Injini ya Lopur

Juzi mliniita karakana ya Lodwar, mkanikalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine mpya iliyokuwa bado na karatasi zake za kiwandani, mkaniomba nizungumze kidogo na vijana kuhusu kazi ya kuleta teknolojia mpya. Nikauliza swali moja tu: nani ataiwasha? Mmoja wenu, kijana mwenye adabu, akanijibu, "Mzee, hii inajiwasha yenyewe." Mkacheka kwa upole, jinsi watu wanavyomchekea babu yao, mkanipa soda, tukapigwa picha.

Nilirudi nyumbani Kanamkemer nimenuna. Sikuwakasirikia nyinyi hasa. Nilikasirika kwa sababu swali lile nililipata kwa uchungu, na kuna watu waliolipata kwa uchungu kunishinda, na mimi nikalitoa bure mbele ya chupa ya soda. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia. Mkichoka kusoma, pumzikeni mrudi. Mimi nimestaafu, sina haraka.

Miaka ya tisini nilikuwa na cheo kirefu cha Kiingereza, ambacho kwa Kiswahili ni kama msimamizi wa majaribio ya teknolojia mpya. Mke wangu alipokisikia mara ya kwanza aliniuliza, "Kwa hiyo wanakulipa kujaribu? Na ukishindwa?" Kampuni yetu ilikuwa ya pampu za maji. Makao makuu yalikuwa Ulaya, ofisi ya kanda Nairobi, na huku Turkana tulikuwa na karakana ya mabati, Landrover moja, lori moja, redio ya mawasiliano, na sisi wenyewe.

Kampuni za namna hiyo mnazijua kwa kuwa mmeajiriwa katika moja. Kitu hubuniwa katika nchi moja, hutengenezwa katika ya pili, hujaribiwa katika ya tatu, na aliye katika ile ya tatu ndiye huulizwa kwa nini kimegoma. Kila asubuhi nilikaa mbele ya redio nikajieleza kwa Nairobi, na Nairobi ikanieleza kwa Ulaya, na jibu lilipofika kwangu mara nyingi lilikuwa limesahau swali.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Ulaya wala Nairobi. Alikuwa Wafula, fundi mkuu wa karakana, mtu wa Bungoma aliyeletwa Lodwar kwa muda mfupi akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Wafula hakuwahi kunywa maziwa ya ngamia hata tone moja, na alilalamikia joto letu kila siku kana kwamba ndio kwanza ameshuka kwenye gari. Lakini alijua injini. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye sikio, akafumba macho, kisha akasema beringi gani imekwisha. Mimi pia alinifundisha kusikiliza hivyo, na bado naweza, ingawa mashine zenu za sasa hazina la kusema.

Jambo jingine alilonifundisha halikuhusu vyuma. Kila tulipopeleka kitu kipya mahali, aliniuliza njiani, "Huyu mgeni akiingia, nani anapoteza nini?" Mwanzoni niliona anachelewesha safari. Baadaye nikawa siwezi kuwasha gari bila kuwa na jibu.

Sasa niwapeleke Lopur, karibu na Kakuma. Pale palikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, na ndani yake pampu yetu. Pampu ile ilizungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya kuwashwa kwa hendeli, ambayo ukizubaa inakuvunja mkono. Kati ya injini na pampu ulipita mkanda mpana wa turubai na mpira, mrefu kuliko mtu. Injini ikinguruma, mkanda unazunguka, pampu inazunguka, maji yanapanda kwenye tangi. Watu wa Lopur na mifugo yao yote walitegemea mngurumo huo, maana kiangazi kikishika mto Tarach hubaki mchanga mtupu.

Ubunifu mpya wa makao makuu ulikuwa wa kuondoa dizeli. Wangeleta paneli za jua, mota ya umeme, na kisanduku cha kudhibiti umeme huo. Ndani ya kisima hakuna kitu ambacho kingebadilika, ila pampu ingezungushwa na jua. Wakachagua Lopur iwe ya kwanza, kwa hoja kwamba kitu kikistahimili Turkana kitastahimili popote. Sikubishana nao.

Pamoja na mashine ilikuja kanuni: siku ya kuingiza kipya, cha zamani kiondoke. Msikimbilie kuwacheka. Kanuni ile ilikuwa na akili yake. Katika nchi nyingine walikuwa wameacha mashine ya zamani pembeni, na hitilafu ndogo ya kwanza ilipotokea watu wakairudia, ile mpya ikageuka kuwa kiti cha kuku. Jaribio likafa bila mtu kujua ubaya ulikuwa wapi. Mimi mwenyewe niliiunga mkono.

Njiani kwenda Lopur Wafula akaniuliza swali lake, nikamjibu, "Deng."

Deng alikuwa mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, mfanyabiashara katika kambi ya Kakuma. Kwao alikuwa fundi wa injini za boti za mtoni. Kakuma hakuna mto wa boti, kwa hiyo alikuwa akiuza dizeli kwa madumu, na Lopur ndiyo ilikuwa mteja wake mkubwa. Tulipomweleza, alisema, "Kalas, basi. Jua ni mali ya Mungu. Mimi Deng nitashindana na Mungu?" Alicheka, lakini mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu cha kushika. Wafula hakuridhika na kicheko hicho. Alimtafutia injini kuukuu Kitale, tukaileta juu ya lori letu, na Deng akafungua kinu cha kusaga posho mle kambini. Nakumbuka Nairobi waliuliza kinu kinahusiana vipi na majaribio ya jua.

Siku ya makabidhiano alikuja mkubwa wetu kutoka Ulaya, Bwana Henrik. Alikuwa mrefu, shingo imeiva kwa jua, na ndiye aliyesimamia ubunifu wote wa kampuni. Paneli zilisimama, mota ikazunguka bila kelele, maji yakapanda. Watu walipiga vigelegele. Kisha lori likarudi nyuma ili tupakie injini ya zamani, na hapo tukamkuta Mama Ekadeli amekaa juu yake.

Mama Ekadeli alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Ukame mmoja wa nyuma ulikuwa umewamaliza mifugo wa nyumba yake, akaanza upya na mbuzi wachache wa kupewa na ndugu, akawalea mpaka wakawa kundi. Kwa hiyo mtu aliyemwambia Mama Ekadeli kuhusu maji alipaswa kujua anazungumza na nani.

"Ejok, Mama," nikamsalimu. "Tafadhali shuka, tunapakia."

"Ejok. Wewe ni mtoto ya wapi?"

"Wa hapa hapa, Mama. Kanamkemer."

"Basi nikuulize. Rafiki yako alikukopesha mbuzi ya maziwa. Leo anakuja na mbuzi ingine, anasema badilisha. Ile ya zamani inafunguliwa kamba saa ngapi?"

Nilijua jibu. Kwetu, mbuzi wa zamani hafunguliwi kamba mpaka yule mpya amekamuliwa uani kwako, mtoto wa nyumba akanywa, ukaona anailisha nyumba kila siku, si siku moja tu.

"Umenyamaza," akasema Mama Ekadeli. "Hii yenu inakula jua. Leo jua iko. Mimi nitaona kiangazi moja kwanza."

Bwana Henrik akaniuliza anasema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, pamoja na mbuzi, nikitegemea atakunja uso. Alichuchumaa pale mchangani, akamtazama yule mama, akauliza, "Kiangazi kimoja tu?" Nikamuuliza Mama, akaitikia kwa kichwa. "Basi ibaki mpaka kiangazi kimoja kipite," akasema Bwana Henrik. "Makao makuu nitawaeleza mimi." Alivunja kanuni aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo nilimheshimu.

Tuliifunika injini kwa turubai, Mama Ekadeli akashuka, tukapeana mikono sote. Kila mtu alikuwa amepata alichotaka. Na katika furaha hiyo, si Henrik, si Wafula, si Mama Ekadeli, si mimi, hakuna aliyeuliza injini ile itawashwa na nani.

Jua lilifanya kazi vizuri ajabu. Wanawake wa Lopur walizifuta paneli asubuhi kabla hazijapata moto, kwa kitambaa kikavu kwanza, halafu cha maji, maana ukianza na maji vumbi linageuka tope. Hilo niliwafundisha mimi na hawakulisahau. Bwana Henrik alituma picha za Lopur katika nchi nyingine za kampuni, na kichwa changu kikavimba kidogo. Kiangazi kikaja, tangi likajaa kila siku, kikapita. Ofisini tulikuwa tumeshahamia majaribio mengine. Lori la kuchukua injini liliahirishwa, likaahirishwa tena, na mwishowe hakuna aliyelitaja.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Upepo wa vumbi ulivuma mpaka mchana ukawa wa rangi ya chai. Siku moja dereva wa lori la chakula cha msaada alisimama karakana yetu Lodwar na kusema, "Watu wa Lopur wanakuita. Wanasema ile jua yenu imekufa."

Jua halikuwa limekufa. Kisanduku cha kudhibiti kilikuwa kimeungua. Nilikifungua nikakuta harufu ya plastiki iliyochomeka na vumbi laini kama unga limejaa hadi ndani ya vitu ambavyo mtengenezaji aliapa vimefungwa. Nikaita Nairobi kwa redio ya gari. Nairobi hawakuwa na kisanduku kingine. Mashine ile ilikuwa bado ya majaribio, haijaanza kuuzwa, kwa hiyo hapakuwa na ghala lolote duniani lenye vipuri vyake. Kisanduku pekee kilikuwa mezani kwa wahandisi kule Ulaya. "Subirini," wakaniambia. Tangi lilikuwa limebaki na tope la chini, na mbuzi wa Mama Ekadeli walikuwa wamesimama kuzunguka birika kavu wakililamba.

"Injini ipo," nikawaambia watu. "Mama alituokoa."

Tukavuta turubai. Nyigu walikuwa wamejenga vichuguu vya udongo ndani ya bomba la moshi. Dizeli ya ndani ilikuwa imeingia maji. Hayo Wafula aliyaangalia bila wasiwasi, ni ya kusafisha tu. Kisha akapitisha mkono upande wa pili akasema, "Mkanda uko wapi?"

Nikamgeukia Mama Ekadeli, na yeye akaangalia miguu yake. Nami nikaiangalia. Alikuwa amevaa ndala nzito za turubai na mpira, na wanawake waliosimama nyuma yake walikuwa na ndala za aina hiyohiyo.

Nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo mtu hamwambii mama wa rika lile. Aliniacha nimalize.

"Nilisema kiangazi moja," akasema. "Kiangazi ilipita. Mkatoa mbuzi yenu? Hamkukuja. Ikakaa hapo, haikamuliwi, haina mtu. Hawa wanawake wanabeba kuni mpaka kambi, mawe inakula miguu yao. Mbuzi ikikauka na mwenyewe hatokei, watu wanachinja. Hiyo ni wizi?"

Haikuwa wizi. Niligeuza neno lake kila upande nikashindwa kuona pa kulishika. Alituwekea muda, muda ukaisha, sisi hatukutokea. Wafula akaniambia polepole, "Hata ungeukuta huo mkanda, ungekuta umekauka umepasuka. Chuma kisichozungushwa kinakufa, na mkanda hivyohivyo."

Lodwar hapakuwa na mkanda wa upana ule. Tukamtuma dereva wetu Kitale na lori, na nyakati zile, kwa kuhofia majambazi, barabara ilipitwa kwa msafara wenye askari. Akakwama Kalemng'orok akingoja msafara, na sisi hatukujua.

Mnauliza, na Deng je? Kinu chake kilikuwa na mkanda wa upana huohuo, nilijua tangu dakika ya kwanza. Lakini kinu kile kilisaga mahindi na mtama wa sehemu nzima ya kambi. Na siku zile wenyeji na watu wa kambi hawakuwa wanaangaliana vizuri. Palikuwa na maneno ya kuni, maneno ya mabomba ya maji, na vijana walikuwa wamepigana. Nilipomtajia Mama Ekadeli jina la Deng alisema, "Mimi niombe mtu ya kambi? Hapana." Nikaona ana haki yake, nikaliacha, tukamngoja dereva.

Watu wa Lopur wakafanya walivyofanya kabla ya pampu. Walishuka Tarach wakachimba visima mchangani, na kadiri maji yalivyorudi chini ndivyo walivyochimba zaidi, mpaka mtu aliye ndani akawa haonekani, anapokezana karai na aliyesimama juu yake. Ndani kabisa alikuwa Lomuria, mdogo wake Mama Ekadeli, kwa sababu alikuwa na mikono mirefu na hakuwa mwoga. Ukuta wa mchanga ukashuka. Walimfukua kwa makarai, kwa vibuyu, kwa mikono. Nilifukua pia. Tulipomfikia hakuwa hai.

Vijana, nimekaa na kampuni nyingi mezani. Katika ripoti zetu palikuwa na nafasi ya kuandika muda ambao mtambo haukufanya kazi, na mwezi ule niliijaza. Nilitaka kuirarua ile karatasi. Lomuria alikuwa ameoa, na alikuwa akinitania kwamba suruali zangu za ofisi ni za mtu anayeogopa miiba. Hakuna mahali pa kumwandika.

Mama Ekadeli alivua shanga zake zote kwa msiba. Asubuhi baada ya maziko alinijia shingo tupu, anamvuta kwa kamba mbuzi jike mweupe mwenye madoa, mwenye maziwa, aliyekuwa bora kuliko wote waliombakia.

"Twende kwa Deng," akasema.

Nikafungua mlango wa nyuma wa Landrover ili mbuzi apande.

"Hapana. Mbuzi ya urafiki inaenda na miguu."

Kwa hiyo tuliingia kambini hivyo, yeye na mbuzi mbele, mimi na Wafula nyuma yake, na gari likatufuata, likiendeshwa na kijana wa karakana, likinguruma kwa gia ya kwanza. Kwenye kinu palikuwa na foleni ya wanawake wenye magunia ya posho. Deng alipotuona alizima injini, akafuta mikono, akasema pole kwa msiba, maana habari ilikuwa imeshafika.

"Deng," Mama Ekadeli akasema, "mkanda yako nataka ikae Lopur. Ikikaa kule, hii inakaa hapa. Kamua, watoto wakunywe."

Deng akamtazama mbuzi, kisha akaangalia huku na huku kwa hofu. Mjue kwamba wakimbizi hawakuruhusiwa kufuga. Mbuzi kwa mkimbizi alikuwa chanzo cha ugomvi na wenyeji, pengine cha kifo.

"Mama, wewe unajua. Sisi hapana ruhusa ya mnyama. Kesho watu yako watasema Deng ameiba."

Mama Ekadeli akamshika mbuzi sikio, akalikunjua ili foleni nzima ione pale lilipokatwa alama ya nyumba yake. "Hii sikio ni yangu. Si yako. Mtu akiuliza, mwambie ni mbuzi ya Mama Ekadeli, na anywe chai hapo, aje aniulize mimi."

Deng aliigeukia foleni, akawaeleza kwa Kiarabu cha Juba kwamba mkanda ukitoka kinu kitasimama, na hajui mpaka lini. Kulikuwa na bibi mmoja mbele kabisa, gunia lake limeshafunguliwa tayari kumiminwa. Alimwangalia Mama Ekadeli shingo yake isiyo na shanga. Akafunga gunia, akalipandisha kichwani. "Moya," akasema, maana yake maji, kisha kwa Kiswahili chake, "Moya iende kwanza. Mimi nitatwanga." Wengine wakaokota magunia yao mmoja mmoja.

Deng alikuja na mkanda mwenyewe, na bisibisi zake. Ulikuwa mrefu kuliko wetu, ikabidi yeye na Wafula waifungue injini na kuisogeza nyuma juu ya magogo. Walibishana kutwa nzima, mmoja kwa Kiarabu, mwingine kwa Kibukusu cha kwao Bungoma, na hawakukosana hata kidogo. Walitoa udongo wa nyigu, wakamwaga dizeli mbovu, wakaosha pua ya kupulizia mafuta mpaka ikapuliza kama pumzi. Deng akazungusha hendeli. Mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikatoa moshi mweusi, kisha ikashika. Mkanda ukanyooka, pampu ikageuka, na baada ya muda tuliodhani hautaisha, bomba likapiga chafya na maji yakatoka.

Nililia. Sioni haya kuwaambia. Hapakuwa na vigelegele siku ile. Watu walipanga mitungi, mbuzi wakaletwa birikani kwa zamu, na mjane wa Lomuria akapewa kuchota wa kwanza.

Bwana Henrik alikuja na kisanduku kipya begani, kama mtu anayebeba mtoto. Aliomba kupelekwa penye mawe ya kaburi la Lomuria, akasimama pale bila kofia mpaka shingo ikaanza kubabuka. Aliporudi tulikaa kwenye kivuli cha paneli, yeye, Wafula, Deng, Mama Ekadeli na mimi, tukaandika upya utaratibu wa kampuni. Cha zamani kisiondoke mpaka kipya kimepita kiangazi. Kikiwa kimebaki, awepo mtu mwenye jina wa kukiwasha kila wiki, na mafuta yake yatoke kampuni. Na jaribio lisianze kabla kipuri cha pili hakijafika mahali penyewe. Utaratibu huo ulisambazwa nchi nyingi. Huko wanaufuata bila kujua Lopur ni wapi, na si neno. Nyinyi mnafaa kujua, kwa sababu uko kwenye makabrasha yenu, ukurasa ambao nadhani hakuna anayeufungua.

Kufikia hapo dereva wetu alikuwa amerudi kutoka Kitale na mkanda mpya. Mama Ekadeli alisema mkanda wa Deng ataurudisha yeye, kwa mkono wake. Alifika kinuni akiwa na zile ndala zake, akakaa juu ya jiwe akangoja mpaka Deng ameufunga, injini imeshika, na unga wa kwanza umetoka. Akaonja kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa.

Mbuzi alikuwa amefungwa pembeni, amenenepa, na binti mdogo wa Deng alikuwa amemshika pembe. Deng akaifungua kamba, akaipeleka kwa Mama Ekadeli kwa mikono miwili.

"Shukran, Mama. Mkanda imerudi. Chukua mbuzi yako."

Mama Ekadeli aliipokea ile kamba. Alimtazama mtoto, akautazama mkanda unavyozunguka, kisha akainama akamfunga mbuzi tena kwenye nguzo ileile.

"Sijaona kiangazi," akasema, na akashika njia ya Lopur.